Mafundi wa Sayari Zisizokuwapo

Msomaji humkumbuka shujaa. Aliyekokotoa uvutano wa ardhi anayoikanyaga shujaa huyo hatajwi. Chukua Mesklin, sayari ya riwaya ya Marekani iliyoanza kuchapwa jaridani mwaka 1953. Hujizungusha mara moja kwa dakika 18 hivi, ndiyo maana imebapa kama chapati. Kwenye ikweta uzito ni mara 3 ya ule wa duniani. Kwenye ncha, mara mamia. Bahari ni za methani. Basi wenyeji wakawa viumbe wafupi wenye umbo la tandu, wanaoogopa kuanguka hata kimo cha shubiri. Hofu hiyo si pambo. Imetoka kwenye hesabu, tena zilizopigwa kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Ukisoma hadithi za namna hii, usiziruke kurasa za hali ya hewa.