Mtikisiko wa Utando na Kinga dhidi ya Malaria: Tathmini ya Utafiti wa Dantu na Maana Yake kwa Gurei

Chembe nyekundu ya damu haitulii. Chini ya hadubini utando wake hutikisika kwa nguvu ya joto, na mwanga huufichua mtikisiko huo kwa kamera yenye kasi. Utando uliolegea hutikisika sana, uliokazika, kidogo. Kutokana na tofauti hiyo hukokotolewa mkazo wa chembe moja hai pasipo kuigusa. Njia hii ndiyo mhimili wa utafiti wa Silvia Kariuki na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2020, kwa damu ya watoto 42 wa Kilifi, Kenya.

Utafiti huo unaeleza kwa nini kundi la damu la Dantu hukinga dhidi ya malaria kali: kwa wastani chembe zake zina mkazo mkubwa zaidi, na kimelea cha Plasmodium falciparum hakipenyi chembe iliyovuka kizingiti fulani. Dantu hubadili pia protini za uso wa chembe, hivyo mkazo ungeweza kudhaniwa kuwa sadfa tu. Nguvu ya hoja ni kwamba kizingiti hicho kilionekana hata kwa watoto wasio na Dantu.

Hata hivyo, chembe iliyotulia juu ya kioo haisukumwi na mkondo wa damu wala haichujwi na wengu. Kwa hiyo wazo la dawa ya kuongeza mkazo lataka tahadhari: chembe iliyokakamaa mno hupita kwa shida katika mishipa myembamba, kama selimundu inavyodhihirisha. Aidha, Dantu ni nadra katika sehemu nyingi za dunia; matokeo ya Kilifi hayawezi kuchukuliwa kuwa picha ya wakazi wa Gurei, Juba, bila damu yao kupimwa.

Damu ilitoka Kilifi, ilhali mkazo ulipimwa Cambridge. Hapo ndipo penye funzo la kisera. Hadubini ya mwanga si ngeni katika uchunguzi wa malaria. Kinachohitajika zaidi ni kamera, kompyuta, umeme wa uhakika na wataalamu wa kukokotoa. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, ina njia ya kujifunza kwa jirani. Ushirikiano wowote utakaochukua damu Gurei na uweke sharti la kuwafunza Wasudan Kusini kuipima wenyewe.