Kifo cha Mzee wa Balmora

Msomaji, bila shaka umepata kusoma au kusimuliwa habari za Fumo Liyongo. Alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, hakuanguka kama wafu waangukavyo. Alishika uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti kana kwamba yu tayari kufuma mshale, na roho ikamtoka katika hali hiyo. Watu wa mji wakamwona kwa mbali, wakadhani yu hai, wasithubutu kukaribia kuteka maji. Siku zikapita na mji ukashikwa na kiu. Kabla hujauliza nani alimwua, na kwa kutamani nini, litazame jambo hili dogo: mitungi ni mitupu. Kifo cha mtu mkuu kimeingia jikoni mwa kila nyumba.

Nimeanza na Liyongo kwa sababu nataka kunena juu ya utanzu mpya wa hadithi, ambao wengi wenu mwaujua kuliko walimu wenu. Ni ile michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa katika nchi ya kubuniwa, yenye wachawi, mazimwi na wafalme. Wako wazee waiitao upuuzi. Mimi si mmoja wao. Hadithi ni hadithi, iwe katika utendi, katika riwaya, au katika kioo cha kompyuta, nayo yastahili kupimwa kwa mizani ile ile. Lakini utanzu huu una shida ambayo mtunzi wa utendi hakuwa nayo. Msikilizaji wa utendi hawezi kusimama katikati ya ubeti akamchoma Liyongo kabla ya wakati wake. Mchezaji aweza. Je, mtunzi afanye nini, pindi mchezaji amwuapo mtu ambaye hadithi nzima imemwegemea?

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, tulikuwa na kompyuta moja kuukuu bwenini, na jioni tulikuwa tukiizunguka kama watu wazungukavyo moto. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, alikuwa akicheza The Elder Scrolls III: Morrowind, mchezo uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2002. Katika mchezo huo wewe ni mfungwa uliyeachiliwa kwa amri ya mfalme mkuu. Unashushwa kutoka merikebuni katika kijiji cha Seyda Neen, kisiwani Vvardenfell, na kukabidhiwa nyaraka za kumpelekea mtu aitwaye Caius Cosades, akaaye mji wa Balmora. Ukifika wamkuta mzee aliye kifua wazi, katika nyumba ya chumba kimoja. Ukimtazama utadhani ni mlevi aliyeishiwa. Kumbe ndiye mkuu wa wapelelezi wa mfalme kisiwani humo, na ndiye atakayekuongoza hatua kwa hatua hata ujulikane kama huenda wewe ndiwe shujaa wa kale aliyetabiriwa kurudi.

Mwenzetu alimkabidhi nyaraka zile, kisha akamkata kwa upanga. Tulipomwuliza sababu, alisema kwamba alitaka kitanda cha mzee ili apate pa kulala bure. Tulicheka sana. Basi maandishi yakatokea kiooni. Hayakumwambia kwamba ameshindwa, wala hayakumfukuza mchezoni. Yalimwarifu tu kwamba kwa kifo kile utabiri hauwezi tena kutimia. Kama apenda, arudi pale alipouhifadhi mchezo kabla ya tendo lile, na kama hapendi, aendelee katika dunia aliyoiharibu kwa mkono wake. Kicheko kilikatika. Nakumbuka mtu mmoja nyuma yangu akisema, kwa sauti ya kanisani, “Rudi, bwana, rudi.”

Yafaa tuusifu ujasiri wa watunzi hao. Walimpa mchezaji upanga mkali wa kweli, na walipoona ameutumia vibaya hawakumnyang'anya. Na tena, waliacha njia ya nyuma kwa aliyekataa kurudi. Mchezaji aweza kumwua Vivec, aabudiwaye kisiwani kama mungu, akatwaa kwake glavu ya chuma iliyofanywa na watu wa kabila la Dwemer waliotoweka. Kisha amtafute Yagrum Bagarn, wa mwisho aliye hai katika kabila hilo, ambaye ni mgonjwa aliyevimba asiyeweza kutembea kwa miguu yake, ili aitengeneze ifanye kazi. Glavu hiyo itafanya kazi, lakini itamla mwenye kuivaa sehemu kubwa ya uzima wake, asiurudishiwe tena. Hayo ndiyo niyaitayo matokeo. Njia ya haki imefungwa kwa kosa lako. Iliyobaki yapitika, lakini yakudai mwili wako.

Hata hivyo nina neno na maandishi yale. Tendo la mwenzetu lilifanyika ndani ya nyumba, pasipo shahidi. Katika sheria za mchezo huo, auaye akaonekana hutozwa dhahabu 1,000. Asiyeonekana hatozwi kitu. Kwa hiyo askari hawakuja. Nje, watu wa Balmora waliendelea kumsalimu kama jana. Hakuna aliyeuliza, “Yule mzee yuko wapi?” Sauti pekee iliyosema ni ile ya maandishi, nayo ilitoka nje ya nchi ile, kama mtunzi aliyetoa kichwa katika pazia. Na iliomboleza nini? Haikumwomboleza Caius, bali utabiri. Siku hiyo hiyo mwenzetu alikuwa amemwua mwenye duka mmoja katika kijiji cha njiani, na hakuona maandishi yoyote, kwa kuwa mwenye duka hakuhitajiwa na utabiri. Hivyo mchezo, bila kukusudia, wampanga mwanadamu kwa manufaa yake: huyu kifo chake ni msiba, na yule kifo chake ni bidhaa za bure.

Watunzi hao hao waliutafutia ugonjwa dawa katika mchezo uliofuata, Oblivion, wa mwaka 2006, na dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Humo mtu ambaye hadithi yamhitaji hafi kabisa. Ukimpiga huanguka akazimia, na baada ya muda mfupi huinuka akajikung'uta vumbi. Skyrim, wa mwaka 2011, waendeleza desturi hiyo. Tuwe waadilifu: katika michezo hiyo watu husafiri njiani kwa hiari yao, na mtu muhimu angeweza kuliwa na mbwa mwitu mbali na macho ya mchezaji, hadithi ikafa bila mtu kujua. Sababu hiyo naielewa. Lakini mhusika asiyeweza kufa amekuwa samani. Utamheshimuje mfalme ambaye ukimkata kwa shoka hulala kidogo kisha akaendelea na maneno yake? (Watoto nao hawauawi katika Skyrim. Hilo siligombi.) Jambo moja la Oblivion lanipendeza mno. Ukimwua mtu asiye na hatia, kisha ukaenda kulala, usiku atakujia mtu mwenye joho jeusi. Hakuja kukukamata. Amekuja kukusifu na kukualika katika chama chao cha wauaji. Sijui adhabu iliyo kali kuliko sifa hizo, ikiwa mchezaji ana moyo wa kuzisikia.

Sasa nikupeleke kwenye mchezo ambao wanikumbusha kisima cha Liyongo. Ni Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023, kazi ya kampuni ya Larian ya Ubelgiji. Katika nchi iliyolaaniwa, ambamo giza lenyewe huwageuza watu kuwa mizuka, iko nyumba moja ya wageni. Inalindwa na kuba la nuru ya mwezi, na kuba hilo lashikiliwa na maombi ya mwanamke mmoja, kuhani Isobel. Humo wamejificha wapiganaji, wakimbizi na mafundi. Ukimwua Isobel, au ukishindwa kumlinda adui wanapokuja kumteka, hutasoma maandishi yoyote yakikuarifu kwamba umekosea. Nuru huzimika tu. Giza huingia mlangoni, na wale uliokuwa ukizungumza nao dakika chache zilizopita huinuka wakiwa maiti zenye kutembea, nawe hupaswa kupigana nao mmoja mmoja.

Wala haikomi hapo. Miongoni mwa waliomo aweza kuwamo mhunzi aitwaye Dammon. Mwenzako wa safari, Karlach, ametiwa kifuani mtambo wa moto badala ya moyo, na moto wake ni mkali hata hawezi kumgusa mtu asimwunguze. Dammon ndiye ajuaye kuutuliza. Akifa kabla hajaimaliza kazi hiyo, Karlach hatamkumbatia mtu. Mtazame basi mchezaji huyu: alimwacha kuhani afe kwa uzembe, na siku nyingi baadaye, kambini, mwanamke mwingine kabisa ananyosha mkono kisha anaurudisha. Hakuna aliyemkumbusha kosa. Ni lazima auunge uzi huo mwenyewe, kama msomaji mwema aungavyo sura ya pili na sura ya ishirini. Ndiyo sababu nauweka mchezo huu juu ya Morrowind katika jambo hili, ingawa moyo wangu u Balmora.

Mmoja wenu ataniambia, “Mwalimu, yote hayo ni bure. Mchezaji akihuzunika hurudi alipohifadhi, na wafu wote wakafufuka.” Kweli. Hilo ndilo tundu lililo chini ya mtungi wa utanzu huu. Mtunzi aweza kuyapanga matokeo kwa ustadi wa kila namna, na kidole kimoja kikayafuta. Najua mtu mmoja tu aliyeliziba tundu hilo hata nikaridhika, naye ni Toby Fox, Mmarekani, katika mchezo wake mdogo wa Undertale wa mwaka 2015.

Wewe ni mtoto uliyeanguka katika nchi ya viumbe wa ajabu chini ya ardhi. Anakuokota mama mmoja mwenye sura ya mbuzi, jina lake Toriel. Anakushika mkono, anakupa chumba, na ukilala anakuwekea sakafuni kipande cha pai aliyoitia mdalasini. Ukitaka kuondoka anasimama mlangoni, kwa maana watoto wote waliotoka hapo kabla yako waliuawa huko mbele. Yakupasa upigane naye au umwachilie tena na tena hata achoke kukuzuia. Mimi nilipigana. Nilidhani, kwa desturi ya michezo mingine, kwamba nikimdhoofisha atanipisha. Kumbe afikapo hali fulani, pigo moja lililo kama mengine humwua. Nilikaa kimya mbele ya kioo. Kisha nikafanya kama mwenzetu alivyoshauriwa usiku ule bwenini: nikarudi. Nikamwachilia mara nyingi, nikavumilia mapigo yake, hata akanikumbatia akaniruhusu kwenda.

Nikatoka mlangoni nikijiona mtu safi. Hapo njiani palikuwa na ua la manjano lenye uso, likanitazama, likaniambia kwamba lilijua. Lilijua kwamba nilimwua, na kwamba nilirudi nyuma kwa majuto nikajifanya sikutenda. Sijapata kuona aibu ya namna ile mbele ya kitu kilichochorwa kwa nukta za rangi.

Pai ile niliihifadhi mkobani safari nzima. Mwisho wa safari yuko mfalme, ambaye zamani alikuwa mume wa Toriel, nawe hupaswa kupambana naye. Nilipozidiwa nikaitoa pai nikaila, na harufu yake ikamkumbusha mfalme kitu fulani, mkono wake ukalegea. Huenda alidhani kwamba mimi ni mtoto aliyelelewa vema na mkewe. Hakujua lililotokea pale mlangoni mara ya kwanza. Ua lilijua, nami nilijua.