Kihariri Juu ya Kivinjari: Mpaka Uliwekwa Wapi?

Kihariri cha Atom kilipofungwa rasmi tarehe 15 Desemba 2022, waandishi wengi wa programu waliitupia lawama Electron, fremuweki inayowezesha programu ya kompyuta kujengwa kwa teknolojia za kurasa za wavuti, ndani ya injini ya kivinjari cha Chromium. Lawama hiyo haina mashiko. Visual Studio Code (VS Code), kihariri cha Microsoft, nacho kimejengwa juu ya Electron hiyo hiyo, ambayo kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya Atom. Wengine husema Atom iliuawa na Microsoft baada ya kuinunua GitHub, kampuni iliyoitengeneza Atom, lakini utafiti wa Stack Overflow wa Januari 2018, miezi kadhaa kabla ununuzi huo haujatangazwa, ulikuta VS Code tayari imeshaipita Atom kwa watumiaji. Ikiwa msingi ni mmoja na matokeo ni mawili, sababu iko kwingine. Kwa maoni yangu iko kwenye mpaka uliowekwa kati ya kiini cha kihariri na fremuweki inayochora skrini.

Atom iliacha mlango wazi. Programu za nyongeza ziliendeshwa ndani ya dirisha lile lile la kuandikia na ziliweza kugusa chochote kilichochorwa humo; uhuru huo ulipendwa sana, ila nyongeza moja nzito ilitosha kumfanya mtu abonyeze herufi na kuisubiri itokee. VS Code iliziweka nyongeza kwenye mchakato wake wa pembeni, zikawasiliana na kihariri kwa ujumbe tu. Waandishi wa nyongeza walinyimwa mengi, na kunung'unika kwao kulikuwa na msingi, lakini aliyekuwa akiandika aliendelea kuandika hata nyongeza ilipokwama.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mapema 2018. Faili la megabaiti 35 tu lilikuwa likiiangusha VS Code. Halikuwa kubwa, tatizo ni kwamba lilikuwa na mistari milioni 13.7, na kila mstari ulihifadhiwa kama kitu kinachojitegemea chenye baiti 40 hadi 60. Hesabu ikafika megabaiti 600 hivi za kumbukumbu. Hapa Electron haikuwa na kosa: muundo wa data ndio uliokuwa mbovu. Wahandisi walifikiria kuihamishia hifadhi ya maandishi kwenye C++, wakaona kwamba kubadilisha maandishi huku na huku kati ya C++ na JavaScript kungemeza faida yote. Wakabaki na lugha ile ile na kuunda upya hifadhi ya maandishi kwa mti wa vipande, ambao hautengi kitu kwa kila mstari. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu hifadhi ya maandishi ilikuwa imetengwa na uchoraji wa skrini.

Pingamizi la kumbukumbu nalikubali. Kila programu ya Electron hubeba Chromium nzima, na hakuna mpaka unaoweza kuiondoa gharama hiyo. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 anaihisi kila siku. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waliounda Atom wenyewe. Nathan Sobo na wenzake waliiacha Electron kabisa, wakaandika Zed kwa lugha ya Rust, pamoja na fremuweki yao ya kuchora, GPUI. Zed ni chepesi, na anayekitumia hahitaji kushawishiwa. Lakini tuhesabu walicholipa. Kila mfumo wa uendeshaji ulihitaji kazi yake ya madirisha, fonti na kibodi, kazi ambayo Electron huikabidhi ikiwa tayari. Zed kilianzia macOS. Watumiaji wa Linux walikipata rasmi Julai 2024, na wale wa Windows wakasubiri hadi Oktoba 2025. VS Code kilitangazwa Aprili 2015 kwa mifumo yote mitatu siku moja.