‘Jarida’ la bastola: tafsiri inapohatarisha maisha

TAFSIRI mbovu ya shairi humkera msomaji. Tafsiri mbovu ya mkataba humtia mtu hasara. Lakini tafsiri mbovu ya maelekezo ya kutunza silaha inaweza kumpeleka mtu kaburini.

Nayasema haya baada ya kusoma kurasa mbili za Kiswahili zilizokusudiwa walinzi wanaobeba bastola. Zinaeleza jinsi ya kusafisha na kutunza kile kisanduku chembamba kinachobeba risasi ndani ya mpini wa bastola, ambacho Waingereza hukiita ‘magazine’ na askari wetu hukiita magazini. Aliyezifasiri simtaji, maana haja yangu ni kazi, si mtu. Na nianze kwa kumtendea haki: sarufi yake haina doa. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, tahajia ni safi, sentensi ni fupi. Mhariri asiyeijua silaha angezipitisha kurasa hizo bila kuweka alama hata moja. Hapo ndipo penye hatari.

Sentensi ya kwanza inasema: “Safisha jarida lako kila baada ya kulitumia.” Jarida! Hebu fikiria mlinzi wa benki anayeambiwa asafishe jarida. Neno ‘magazine’ lina asili ya Kiarabu, makhazin, yaani maghala. Lilipita Italia na Ufaransa kabla ya kutua Uingereza, ambako lilitumika kwa ghala, hasa la silaha na baruti. Mnamo 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman’s Magazine jijini London, alilitumia kwa sitiari: chapisho lake lilikuwa ghala la habari. Kwa hivyo jarida ndilo lililoazima jina kutoka kwa ghala. Mfasiri wetu ameishika sitiari na kuitupa maana ya asili. La ajabu ni kwamba mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupa neno hazina. Neno hilo lina udugu na sisi kuliko alivyodhani.

Tusonge mbele. “Ondoa chemchemi pamoja na mfuasi wake.” Mfuasi wa nani? Wa chama gani? Magazini ya bastola ya kisasa kwa kawaida ina gamba la nje, kitako kinachoifunga chini, kamani ndani yake, na kibamba kidogo kinachokaa juu ya kamani kusukuma risasi zipande. Kibamba hicho ndicho Kiingereza hukiita ‘follower’. Kamani ni neno la kale lililojulikana sana kwa mafundi wa saa. Mafundi wa jua kali leo husema springi, na hakuna ubaya. Chemchemi ni ya maji, basi. Si mzaha huu. Kamani hukaa imebanwa, na kitako kikishafunguliwa huweza kuruka na kumpiga mtu jichoni, ndiyo maana huzuiwa kwa kidole gumba. Asiyejua kinachoruka ni kipi atajikinga na nini?

Kisha eti: “Kagua midomo yako kama ina nyufa.” Nilicheka, nakiri. Kwa hakika zile kingo mbili za juu zinazoizuia risasi isichomoke huitwa midomo, na jina hilo linafaa. Lakini ni midomo ya magazini! Ikipinda au ikipasuka, risasi hupanda vibaya na bastola hukwama wakati inapohitajika. Magazini ya namna hiyo huwekwa kando, haitumiwi. Kimilikishi kimoja tu kimeyageuza maelekezo ya ufundi kuwa ushauri wa urembo.

Kicheko kiliniishia nilipofika hapa: “Hakikisha chumba hakina kitu kabla ya kuanza.” Mlinzi mtiifu atatazama kushoto, atatazama kulia, ataona yuko peke yake, ataanza kazi. Ilhali kinachozungumziwa si chumba cha nyumba. Ni chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Kuchomoa magazini hakuitoi risasi iliyo katika chemba. Bastola aina ya Glock hufyatuka hata magazini ikiwa mezani. Browning Hi-Power, kwa upande mwingine, iliundwa isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Aliyezoea hii akikabidhiwa ile, bila maelekezo yanayoeleweka, anaweza kumuua mwenzake akiapa kwamba bastola ilikuwa tupu.

Kuna kosa lingine papo hapo, dogo kwa umbo ila kubwa kwa matokeo. “Chomoa jarida na uvute kitelezi.” Kiunganishi ‘na’ huunganisha matendo mawili bila kulazimisha lipi litangulie. Nikikuambia nenda sokoni ununue nyanya na upitie kwa shangazi, ukianza kwa shangazi hujanikosea. Hapa utaratibu ndio uhai. Ukivuta slaidi kwanza, risasi ya chemba itatoka, lakini ukiiachilia, nyingine itapanda kutoka kwenye magazini kuchukua nafasi yake. Ukichomoa magazini baadaye, utakuwa umebaki na risasi ndani. Kiswahili kina nyenzo za kutosha: kwanza chomoa magazini, kisha vuta slaidi nyuma, risasi ya chemba itoke, halafu tazama ndani ya chemba na uiguse kwa kidole, ndipo uanze kusafisha. Maneno hayo manne, kwanza, kisha, halafu na ndipo, hayagharimu chochote.

Na lile la mafuta? “Paka mafuta kwa wepesi.” Wepesi ni kinyume cha uzito, lakini pia ni haraka. Mlinzi atapaka upesiupesi, tena kwa wingi. Maana iliyokusudiwa ni mafuta kidogo mno, tena nje tu, pale penye chuma kinachoweza kushika kutu. Ndani ya magazini hupanguswa kwa kitambaa kikavu na brashi, ikaachwa kavu. Mafuta hunasa vumbi, na kwa anayelinda Lodwar au Garissa, vumbi na mafuta ni tope la kukwamisha kamani. Aidha yanaweza kupenya kwenye fataki ya risasi na kuiharibu. Fataki, msomaji, ni neno letu la siku nyingi kwa kile kiwashio cha nyuma ya risasi. Halikuhitaji kubuniwa na yeyote.

Tufanyeje basi? Wapo watakaosema tuunde istilahi mpya kabisa, na punde tutaletewa ‘kihifadhirisasi’ na ndugu zake. Siungi mkono. Magazini limekwisha toholewa na vinywa vya wanaolitumia, vivyo hivyo chemba. Tuyaache. Panapo neno la zamani lililo hai au linaloweza kufufuliwa, kama kamani, fataki, mtutu na kitako, tulitumie. Pasipo na neno, tueleze kwa maneno ya kawaida: kibamba cha kusukuma risasi. Ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Mjerumani Hans Vermeer, mwasisi wa nadharia ya Skopos, alisisitiza kwamba tafsiri hupimwa kwa lengo inalokusudiwa kutimiza. Lengo la maelekezo haya ni mtu amalize kazi akiwa mzima na silaha yake ikiwa salama. Kwa hivyo mfasiri hana budi kuketi na fundi wa silaha, bastola tupu ikiwa mezani, amsomee sentensi moja moja, naye fundi atende kile tu alichosomewa. Akisita mahali, hapo pana kosa.

Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo hauishii bungeni na kwenye hotuba za sikukuu. Mlinzi anayekesha langoni na silaha kiunoni ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa ni chumba kipi anachotakiwa kuhakikisha kuwa ni kitupu.