Pongezi kwa Fundi wa Mikroni

Nawapongeza mafundi wachonga vipuri wanaoiheshimu safu ya ulikaji kwenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta.

Kisu cha kabaidi hulika. Mara nyingi hakivunjiki, hakipigi kelele. Kinapungua tu kidogo kidogo, na mfuko (shimo lenye kuta linalochongwa kwenye kipande) uliotakiwa kuwa na upana wa milimita 40.00 unatoka 39.96. Fundi mwenye pupa angefungua programu abadilishe namba. Fundi ninayemsifu haigusi. Anafuta kipande mafuta, anakipima, anakipima tena, kisha anakwenda kwenye jedwali la visu. Humo, kipimo halisi cha kisu kina safu yake, na ulikaji una safu yake. Anapiga hesabu: pengo ni 0.04, lakini kuta ni mbili, kwa hiyo kila ukuta umebakiza 0.02. Anaandika -0.02. Kisu kinasogea karibu zaidi na ukuta, mfuko unafika 40.00. (Kama mashine husoma kipenyo badala ya nusu kipenyo, ataandika -0.04, na lazima ajue hilo kabla ya kubonyeza.)

Haya yote yanawezekana kwa sababu aliyeandika programu alikumbuka kuweka G41, amri inayoiruhusu mashine kusogeza njia ya kisu.

Ninachokipenda zaidi ni anachofanya kisu kipya kikifungwa: kabla ya kazi nyingine yoyote, anairudisha ile namba ya ulikaji kwenye sifuri. Akisahau, kisu kizima kitakata kana kwamba kimechoka, na kipande cha kwanza kitaharibika.