Njia Isiyo na Magari Si Lazima Iwe Njia Nzuri

Anayechora njia ya baiskeli za changarawe katika mashamba na misitu ya Ufaransa hana shida ya malighafi. Karibu theluthi moja ya nchi hiyo barani Ulaya ni msitu, na karibu kila msitu una barabara zake za kutolea magogo. Ukizijumlisha na njia za mashambani zinazomilikiwa na halmashauri za vijiji, kupata kilomita hamsini bila gari ni kazi ya dakika chache mbele ya ramani. Ndiyo maana neno "bila magari" katika tangazo la njia halinishawishi. Nataka kujua mchoraji aliacha nini, akachukua nini, na vipande alivyovichukua alivishona vipi.

Mbele ya barabara yoyote ya msituni, mjuzi huanza na swali moja: ilijengwa ibebe nini? Barabara hurithi tabia ya mzigo wake. Lori la magogo haliwezi kupanda ukuta wala kukata kona kali, kwa hiyo barabara yake huzunguka kilima taratibu, ina kona pana, na chini yake kuna mawe yaliyoshindiliwa. Trekta la shamba la mizabibu halijali. Litapanda kilima moja kwa moja, nawe ukilifuata utajikuta unasukuma baiskeli. Njia ya kale ya kupitishia mifugo huwa nyembamba, imebanwa na vichaka, na tope lake halikauki mpaka kiangazi kikolee. Treni nayo haipendi mlima kabisa, kwa hiyo njia iliyowekwa kwenye reli yake ya zamani huwa tambarare.

Chukua Morvan, vilima vya graniti huko Burgundy ambavyo tangu mwaka 1970 ni hifadhi ya asili ya kimkoa. Kilele chake, Haut-Folin, kina mita 901 tu, kwa hiyo asikutishe mtu. Kwa karne kadhaa Morvan ilikuwa ghala la kuni la Paris: magogo yalitupwa kwenye vijito, yakaelea hadi mto Yonne, yakafungwa kuwa vyelezo virefu na kushushwa mpaka Seine. Bwawa la Settons, ambalo leo watu huendea kupiga makasia, lilikamilika mwaka 1861, na maji yake yalifunguliwa ili kusukuma kuni hizo. Mito ilipoachwa, kazi ikahamia kwenye malori, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia sehemu kubwa ya mialoni na miti mingine ya majani mapana ikabadilishwa kwa misonobari ya aina ya Douglas. Wakazi wengi wanaupinga ukataji wa msitu mzima kwa mkupuo mmoja, na wana haki. Lakini mwendesha baiskeli akubali ukweli: barabara anazozisifia zilichongwa kwa ajili ya biashara hiyohiyo.

Graniti ikioza huacha mchanga mkavu wenye chembe kali, na mchanga huo hupitisha maji haraka. Msomaji anayejua moramu yetu, jinsi inavyogeuka sabuni baada ya mvua moja, atashangaa kuona njia ya Morvan inapitika asubuhi baada ya usiku wa mvua. Mawe ya chokaa ni habari nyingine. Yakiwa makavu ni meupe na mazuri kwenye picha; Tour de France ya mwaka 2024 ilipita kwenye vipande 14 vya barabara nyeupe kuzunguka mji wa Troyes, jumla ya kilomita 32, na waliokuwa nyuma walimeza vumbi mchana kutwa. Mvua ikinyesha, chokaa iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi hunata kwenye tairi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Kusini, kwenye milima ya Cévennes, utakutana na mawe ya bapa yenye makali yanayochana mpira. Mchoraji asiyekwambia njia yake imelala juu ya mwamba gani hajaifahamu njia yake.

Alama nyingine ziko wazi kwa anayetazama chini. Ukanda wa majani katikati, na mistari miwili safi ya magurudumu kila upande, ndiyo hali bora: gari la mlinzi wa msitu hupita mara chache, linatosha kuzuia vichaka lakini halitoshi kuharibu. Majani yakifunika njia nzima, barabara imeachwa, na baada ya muda mfupi utaibeba baiskeli begani juu ya miti iliyoanguka. Makunyanzi madogomadogo yanayokutikisa meno ni ushahidi kwamba magari hupita kwa kasi, hata kama leo hujaona hata moja. Angalia mitaro pia. Barabara yenye mgongo ulioinuka na makalvati yanayopitisha maji ina mtu anayeitunza. Ile iliyotobolewa na korongo katikati haina mwenyewe. Na rundo la magogo yenye magome mabichi lisomwe kama taarifa: malori yako njiani, na mvua ikiyakuta kazini, wiki ijayo njia hii itakuwa mitaro miwili ya kina cha goti.

Kwa hiyo picha zina tarehe ya kuharibika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na njia zinazotangazwa kwa picha nyingi za machweo huwa na sababu. Mimi huuliza njia ilipitiwa lini mara ya mwisho, na msimu gani.

Kuna suala la sheria ambalo wageni hulipuuza. Sehemu kubwa ya misitu ya Ufaransa, kama robo tatu, ni ya watu binafsi. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia katika msitu au shamba la mtu lenye kibao kinachoonyesha wazi kuwa ni mali binafsi ni kosa la faini. Mchoraji hodari hubaki kwenye njia za halmashauri na misitu ya serikali inayosimamiwa na Office national des forêts, hata kama hilo linamwongezea kilima kimoja. Jifunze vibao viwili. Duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu linakataza vyombo vyote, baiskeli yako ikiwemo. Duara hilohilo likiwa na picha ya pikipiki juu ya gari linakataza vyenye injini pekee, na hicho ndicho kibao ambacho roho ya mwendesha baiskeli hukifurahia. Aidha sheria ya mwaka 1991 inazuia magari na pikipiki kuacha barabara na kuzurura porini, ndiyo sababu utulivu huo upo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kipimo ambacho kwangu kinazidi vyote: maungio. Msitu mmoja na mwingine hutenganishwa na mabonde, vijiji na barabara za lami, hasa zile za wilaya zenye herufi D. Hapo ndipo fundi hujulikana. Fundi hodari huivuka barabara kubwa mara moja, kwa pembe ya mraba, mahali ambapo unaona mbali pande zote, kisha anakutumbukiza tena mitini. Mbabaishaji hukupitisha kilomita nne kando ya malori, kwa sababu alitaka sana kukuonyesha msitu wa upande wa pili. Tazama ramani ya Michelin: barabara nyekundu ni kubwa, za njano ni za kati, nyeupe ni ndogo. Nyeupe usiidharau. Wapo wanaohesabu asilimia ya changarawe kama bahili ahesabuye senti, nao nadhani wanakosea. Kilomita mbili za lami nyembamba, anapopita mwenye trekta na gari la posta, ni afadhali kuliko kilomita mbili za kokoto kubwa zilizomwagwa jana. Fundi mzuri huiweka lami hiyo baada ya mpando mgumu, miguu inapohitaji kupumua.

Njia zilizowekwa kwenye reli za zamani nazipitia upesi. Ya kwanza Ufaransa kupewa jina la voie verte ilifunguliwa mwaka 1997 kati ya Givry na Cluny, si mbali na Morvan. Ni salama, ni tambarare, na ni nzuri kwa watoto. Katika safari ya vilima itumike kama kiungo, si kama safari yenyewe.

Baiskeli haistahili maneno mengi: tairi za upana wa milimita 40 hadi 45, upepo usiojaa sana, na gia nyepesi kuliko unavyodhani. Maji ndiyo hupangwa vibaya zaidi. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa Ufaransa hujaza chupa hapo bila aibu. Soma tu kibao kwanza, kwani "eau non potable" maana yake usinywe. Njia inayopita kilomita arobaini bila kijiji wala makaburi iwe na maelezo, la sivyo mchoraji hakuwahi kuiendesha siku ya joto.

Chagua Mei, Juni au mwanzo wa Septemba. Kuanzia karibu katikati ya Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu mkuu wa uwindaji, na Jumapili ukikuta kibao cha msako kando ya njia, geuza baiskeli. Jumatatu nazo maduka mengi ya mikate vijijini hufungwa, kwa hiyo nunua mkate wako Jumapili asubuhi.