Michezo Miwili ya Malori: Ulaya na Marekani

Kampuni ya SCS Software ya Prague, nchini Ucheki, imetoa michezo miwili ya kompyuta ambamo mchezaji huwa dereva wa lori: Euro Truck Simulator 2 (2012) na American Truck Simulator (2016). Wa kwanza ndio upendwao na wengi zaidi. Ni mkubwa na mkongwe, kweli. Lakini kwa maoni yetu siri yake ni mipaka. Dereva akivuka bahari kutoka Calais hadi Dover, hana budi kuhamia upande wa kushoto wa barabara, na vibao navyo vyabadili lugha.

Ule wa Marekani ulianza na majimbo mawili tu, California na Nevada, tena kwa kipimo cha 1:35, hata miji ikakaribiana mno. Wachezaji walinung'unika, na mwishoni mwa 2016 ramani ikapanuliwa kuwa 1:20. Hapo ndipo jangwa la Nevada lilipopata urefu, na upweke wa safari, ulio kiini cha kazi hii, ukaanza kuonekana. Kwa sababu hiyo sisi twautanguliza, ijapokuwa wapenzi wake ni wachache.

Hata hivyo, michezo yote miwili yaipa mgongo sehemu kubwa ya udereva, yaani kungoja. Aliyeona misururu ya malori pale Kasumbalesa atauliza: iko wapi foleni ya siku kadhaa, na bukari inayosongwa kando ya magurudumu?